Gundi Isiyoonekana: Mazungumzo na Mafundi Wanafunzi

Asalaam aleikum, vijana wangu, na wengine habari za asubuhi. Sogeeni mbele, sauti yangu si ya mnadani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Zamani nilipewa sebule moja Upanga, Dar es Salaam, nibandue karatasi za ukutani zilizochakaa, niweke mpya. Nikabandua, nikapitisha kitambaa chenye maji, ukuta ukapendeza. Nikabandika. Wiki ya tatu mama mwenye nyumba akanipigia: “Fundi, njoo uone, karatasi zako zinabanduka kama ukoko wa wali.” Nilifika nikakuta maungio yote wazi. Nikarudia kazi kwa pesa yangu.

Kosa lilikuwa gundi ya zamani. Ukivuta karatasi, gundi haiondoki yote. Utando wake unabaki ukutani na ukikauka jicho halioni kitu. Gundi nyingi za unga ni wanga, ndugu wa ule wanga wa kunyooshea kanzu. Ukipaka gundi mpya juu yake, maji yanailainisha ile ya zamani, na karatasi yako inakuwa imeshika utando, haijashika ukuta. Halafu kwa joto letu hili la pwani, wanga ni chakula cha ukungu.

Utajuaje kama ipo? Lowesha ukuta, pitisha kiganja. Ukiteleza kama bamia, gundi ipo. Au nunua iodini duka la dawa, izimue kwa maji, paka kidogo kwenye kona. Ikigeuka buluu iliyokoza, huo ni wanga. Ila gundi nyingine za siku hizi hazina wanga na hazitabadilisha rangi, kwa hiyo mimi kiganja changu ndicho hakimu wa mwisho.

Sasa kuosha. Zima umeme kwanza, maana utamwagia maji kuzunguka soketi. Chukua ndoo mbili za maji ya vuguvugu, moja ya kulowesha, nyingine ya kusuuza. Lowesha sehemu ndogo, subiri dakika kama 10, kwangua taratibu kwa skrepa usichimbe lipu, kisha suuza. Maji yakiwa kama uji, mwaga, chota mengine. Anayemaliza chumba kizima kwa ndoo moja amehamisha gundi tu, kaitoa ukuta huu kaipeleka ule.

Gundi sugu, tia siki kidogo kwenye maji. Ukungu, tumia jiki. Lakini nisikilizeni hapa: siki na jiki visikutane, si ndoo moja, si ukuta mmoja. Vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Ukuta ukikauka, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa selotepu, kakione kesho yake. Ukikuta matone upande wa ukutani, kuna maji yanatoka ndani: bomba, paa au ardhini. Tafuta hilo kwanza.

Yanayobaki mnayajua. Ziba nyufa kwa puti, piga msasa namba 120 kisha 150, futa vumbi, paka praima, yaani rangi ya msingi ya kuandaa ukuta, acha ikauke. Praima wengi wanairuka kwa ubahili, na siku ya kubandua tena karatasi inaondoka na lipu.

Naam, kijana wa nyuma? Anauliza nyumba za Mji Mkongwe, Unguja.

Swali zuri. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizivika karatasi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma lipu kwa ndani, na baada ya muda vyote vinaanguka pamoja. Hapo hakuna praima ya kukuokoa. Mwambie mteja apake chokaa. Akikataa, mimi huaga, navuka na boti ya jioni.