Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Chomeka Waya

Asalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Ahsanteni kwa kuja na joto hili la alasiri.

Nianze na mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa akilipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Kurasa zikifunguka kwa kujikongoja, akapiga simu kwa kampuni, akashauriwa apande hadi 40. Akapanda. Miezi mitatu akalipa zaidi, na mwendo ni ule ule. Iliniuma sana, maana pesa ya pensheni haiokotwi.

Nilipokwenda kwake nilifungua tovuti ya kupima mwendo wa intaneti, nikapima kwa waifai, chumbani anapokaa: megabiti 5. Nikachukua waya wa mtandao, nikachomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, nikapima tena: 38. Basi intaneti aliyoilipia ilikuwa inafika nyumbani. Ilikuwa inapotelea baina ya ruta na kompyuta yake.

Kipimo hiki cha waya ndicho nilichokuja kuwaomba leo. Ni cha dakika mbili. Zima vifaa vingine, chomeka, pima, andika namba. Ikiwa ndogo hata kwa waya, piga picha skrini umpelekee mtoa huduma, una haki yako. Ikiwa nzuri, shida imo ndani ya nyumba, wala kifurushi kikubwa hakitaitibu. Angalizo moja tu: kompyuta nyingi za zamani zina tundu la waya la megabiti 100, kwa hiyo anayelipia zaidi ya hapo hataiona ziada kwenye mashine hiyo. Na msichanganye megabiti na megabaiti. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo intaneti ya megabiti 40 inapakua faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde, na hapo hujaibiwa.

Sasa kwa nini 38 ikawa 5? Mnazijua kuta zetu, mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli. Ruta ilikuwa kabatini, nyuma ya televisheni, chumba cha mbele, na mwalimu anakaa chumba cha nyuma. Tuliitoa tukaiweka juu ya rafu ukumbini, mlango ukiwa wazi. Peke yake hilo likatupa megabiti 14.

Haikupanda zaidi kwa sababu ya kadi ya waifai, yaani kile kipande ndani ya kompyuta kinachopokea waifai. Laptopu ile ni ya 2008, kadi yake ni ya kiwango cha 802.11g kilichotoka mwaka 2003. Kwenye karatasi ni megabiti 54, lakini kwa matumizi halisi ukipata nusu yake ushukuru. Tena kifaa kizee kinapozungumza polepole hushikilia mawimbi ya waifai muda mrefu, na simu mpya ya mjukuu inabaki kungoja zamu. Kwa hiyo mwalimu tulimvutia waya pembeni ya ukuta hadi mezani kwake. Asiyeweza kuvuta waya, anunue kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye USB. Hata tundu la USB 2.0 linaitosha intaneti ya nyumbani.

Wenye kompyuta za baada ya 2009, kadi zenu huenda ni za 802.11n, nzuri tu. Lakini ingieni kwenye mipangilio ya ruta mwangalie aina ya ulinzi wa waifai. Ikiwa imeandikwa WEP au TKIP, kadi inarudishwa kwenye mwendo wa zamani wa 54, hata iwe na uwezo gani. Chagueni WPA2 yenye AES. Hili nimelikuta nyumba nyingi, na halina gharama hata ya shilingi moja.

Nilidhani tumemaliza. Mwalimu akafungua gazeti lake la asubuhi kwa waya ule ule wa 38, na ukurasa ukakwama vile vile. Nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta imeelemewa wapi: diski 100%, kumbukumbu ya RAM gigabaiti 2 yote imejaa. Ukurasa ulikuwa umeshafika, mashine ndiyo iliyoshindwa kuuchora. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito. Tuliondoa nyongeza za kivinjari ambazo hakujua hata zilikotoka, tukazima programu zinazojiwasha zenyewe, tukaongeza RAM ikawa gigabaiti 4, tukabadilisha diski tukaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Video azitazame kwa 480p, yaani ubora wa kati, kwa sababu mashine ya umri ule huchoka kuzifungua zenye ubora mkubwa.

Ziko siku tatizo liko baharini. Mei 2024 EASSy na Seacom, nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, zilipata hitilafu, Afrika Mashariki nzima ikayumba. Siku kama hiyo msiguse kitu nyumbani, subirini.

Waya ninao hapa, mita 10, na ruta ya ukumbi ile pale. Aliyekuja na laptopu yake asogee mbele, tuanze na mama aliyekaa karibu na dirisha.