Tena Imeandikwa: Kuisoma Biblia kwa Ukamilifu Wake
(Mhadhara kwa vijana wa vyuo, kongamano la madhehebu mbalimbali)

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zangu Wakatoliki, nawaona mmejaza safu za nyuma kama kawaida yenu: Tumsifu Yesu Kristo! Ahsanteni. Sasa kila mtu amesalimiwa kwa salamu ya kwao, tunaweza kuanza.

Kamati imenipa kichwa kirefu, imani ya msingi ya Mkristo na usomaji wa Biblia katika maisha ya leo. Hicho ni cha muhula mzima, na mimi nina muda mpaka chai. Kwa hiyo nitakamata jambo moja tu: ugonjwa wetu wa kuishi kwa mstari mmoja mmoja. Tunajua mistari. Vitabu ilimotoka hatuvijui.

Twende Mathayo sura ya 4. Yesu amefunga siku 40, ana njaa, na mjaribu anamjia. Jaribu la pili hunishangaza kila nikilisoma, maana safari hii anayefungua Maandiko ni Ibilisi mwenyewe. Anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kisha ananukuu Zaburi ya 91: malaika wataagizwa, watakuchukua mikononi mwao, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Maneno hayo hakuyatunga, yamo. Ila tazameni alipokomea. Mstari unaofuata katika zaburi hiyohiyo unasema mwenye kumtumaini Mungu atamkanyaga nyoka na kumseta joka kwa miguu yake. (Vicheko.) Mnaona kwa nini hakuendelea kusoma!

Yesu hakumjibu kwamba zaburi ile ni ya uongo. Hakumwambia pia kwamba hiyo ni tafsiri yako, nami nina yangu. Alisema, "Tena imeandikwa." Yaani upo mstari huo, na lipo pia andiko lingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako, na yote mawili yasomwe pamoja. Ningetaka mhadhara huu mzima uingie ndani ya maneno hayo mawili.

Tumefikaje hapa? Sehemu ya sababu ni ya kiufundi, na watu wengi hawaijui. Sura mnazoziona katika Biblia zenu ziligawanywa mwanzoni mwa karne ya 13, na mgawanyo huo kwa kawaida hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Namba za mistari ya Agano Jipya tulizonazo zilichapwa na Robert Estienne, mpiga chapa, mwaka 1551. Ni kitu cha manufaa sana, bila hizo sote tungepotezana hapa. Lakini zimetufanya tuione Biblia kama gunia la dengu, unachota punje moja, mbili, unaondoka. Simu nayo imeongeza kasi. Saa kumi na mbili asubuhi inalia, andiko la leo hilo hapo, limewekwa juu ya picha ya machweo, unalituma kwenye kundi la familia, shangazi anajibu "Amina", na siku imekwisha kiroho.

Nayo mistari inayopendwa ni ileile. Nyuma ya bodaboda na bajaji mmeisoma: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Wafilipi 4:13. Mwanafunzi huibandika ukutani kabla ya mtihani. Lakini aliyeandika alikuwa amefungwa, na mstari uliotangulia unasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" ya Paulo yamo humo, na njaa imo. Anasema anaweza kukosa asivunjike. Ukifeli mtihani, mstari wako haujafeli nawe. Huo hasa ndio wakati wake.

Sasa Yeremia 29:11. Nani analijua kwa moyo? (Ukumbi mzima unakariri.) Naam: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Vizuri mno. Nani analijua la 10? (Kimya.) Basi hapa tutakaa kidogo.

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliuteka Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia, mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Nyumbani akatokea nabii aitwaye Hanania, yumo sura ya 28. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba Mungu amevunja nira ya Babeli, na ndani ya miaka miwili mateka wote watarudi. Fikirini shangwe ya siku ile! Yeremia alikuwapo, amevaa nira ya mti shingoni. Akamwambia Hanania, Amina, Bwana na afanye hivyo. Nampenda Yeremia kwa Amina ile. Naye alitamani iwe kweli. Hanania akaivua nira ile shingoni mwake akaivunja. Baadaye neno likamjia Yeremia: umevunja nira ya mti, badala yake itakuja ya chuma. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Sura inayofuata, ya 29, ina barua ambayo Yeremia aliwatumia mateka walioko Babeli. Inaanza kwa kuwaambia mateka wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji uliowachukua na kuuombea. Kisha mstari wa 10: ni baada ya miaka 70 ndipo nitawarudisha. Miaka 70! Baba wa miaka 30 aliyeisikia barua hiyo alijua papo hapo kwamba kaburi lake litakuwa Babeli. Mawazo ya amani ya mstari wa 11 yaliahidiwa taifa, kwa ajili ya wajukuu, na kwa babu wajibu wake ulikuwa kupanda mti na kumwombea adui heri.

Nikiyasema haya, mara nyingi kijana mmoja hunifuata nje akiwa amenuna, ananiambia, "Mwalimu, umeninyang'anya mstari wangu." Sijamnyang'anya. Mungu anayewazia watu wake mema ni yuleyule. Lakini mwenye kuutumia mstari huo kukuahidi gari kabla ya Desemba anahubiri ujumbe wa Hanania kwa maneno ya Yeremia. Na wewe uliyepangiwa kazi wilaya usiyoipenda, ukasema unakaa pale kwa muda tu, hupandi hata mchicha, hujui jina la jirani, barua hii ni yako kuliko unavyodhani. Anzia mstari wa 5.

Malaki 3:10 nitaipita haraka, maana naona wachungaji wawili wameanza kunikazia macho. (Vicheko.) "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Mimi natoa zaka na ninawahimiza mtoe. Ila zaka ile ilikuwa chakula, na Kumbukumbu la Torati 14 inasema kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni ili ale Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane. Rudini pia mistari mitano nyuma, Malaki 3:5: Mungu anasema atakuja kushuhudia dhidi ya wachawi, wazinzi, waapao uongo, na wanaomwonea mtu wa kuajiriwa katika mshahara wake. Nimesikia mahubiri mengi sana juu ya mstari wa 10. Ya mstari wa 5, kwa ajili ya dada wa kazi ambaye hajalipwa miezi mitatu, bado nayasubiri.

Na kuna lile ambalo halimo kabisa. "Jisaidie nami nikusaidie." Sitauliza liko kitabu gani, nitawaaibisha bure.

Sasa mtaniuliza: tukisema "tena imeandikwa", andiko lipi liongozwe na lipi? Kila mtu ana lake. Swali hilo ni la zamani. Padri Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na wa juu, lakini kiumbe. Alikuwa na mistari yake pia, Mithali 8:22 na Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ulioko Uturuki ya leo, kwa mwito wa mfalme Konstantino, wakalazimika kuuliza Maandiko yote kwa pamoja yanasema nini juu ya Yesu. Wakajibu kwamba ni Mungu kweli aliyetoka kwa Mungu kweli, na jibu hilo limo katika Kanuni ya Imani ya Nikea, yaani muhtasari wa tunachoamini. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli mwaka 381 uliikamilisha, na Wakatoliki hapo nyuma huikariri Jumapili: "Nasadiki." Walutheri na Waanglikana tunazo Kanuni zote mbili, hii na ya Mitume. Ndugu zetu Wapentekoste wengi hawaikariri ibadani, lakini muulize mmoja wao kipengele kwa kipengele, utaona anaamini hayohayo.

Napenda jinsi Kanuni ya Imani ilivyo na ubishi. Katikati ya maneno makubwa ya mbinguni limo jina la mtumishi wa serikali, Pontio Pilato, liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36 hivi. Mwaka 1961, huko Kaisaria, pwani ya Palestina ya kale, wachimbuzi walikuta jiwe lenye jina la Pilato. Imani yetu imejifunga kwenye tarehe na utawala, haielei hewani. Ina pengo pia, tusilifiche: inatoka kuzaliwa na Bikira Maria moja kwa moja hadi kuteswa. Mlimani hatukupanda, Zakayo hayumo, wala Msamaria mwema. Kwa hiyo anayeikariri bila kusoma Injili ana mifupa isiyo na nyama, kama vile mwenye mistari bila Kanuni anavyoweza kupelekwa popote.

Popote, nasema. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, yalifukuliwa makaburi yenye miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Wengi wao walikuwa wamefunga hadi kufa, wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Naomba tusiwacheke wala kuwaita wajinga. Kufunga kumeandikwa. Lakini tena imeandikwa, Isaya 58: saumu niichaguayo ni kuwagawia wenye njaa chakula chako. Na imeandikwa katika Marko 5 kwamba Yesu alipomfufua binti wa Yairo, baada ya muujiza mkubwa vile, aliagiza mtoto apewe chakula. Na Kanuni inaanza na Muumba na kuishia kwenye ufufuo. Mungu aliyeumba mwili, akauvaa, na ameahidi kuufufua, hawezi kukudai uuue ili umwone. Mtu mmoja pale angeruhusiwa kusema "tena" kwa sauti, labda wapo ambao wangeondoka. Mahali popote ambapo swali ni uasi na Biblia inafunguliwa na mtu mmoja tu, toka. Mchukue na mdogo wako.

Mtasema hamna muda wa kusoma. Injili ya Marko yote husomwa kwa sauti kwa saa moja na nusu hivi, ambayo ni mechi ya mpira bila mapumziko. Ruthu ni sura nne. Filemoni ni mistari 25, mnaimaliza mkisubiri daladala. Someni kitabu kizima kwa kikao kimoja kabla hamjapigia mstari chochote kwa kalamu. Na kikiwa kirefu, gawaneni sura, kila mmoja asome sauti wengine wasikie. Ndivyo nyaraka zenyewe zilivyokusudiwa. Paulo anawaapisha Wathesalonike kwamba ndugu wote wasomewe waraka wake.

Maswali tutayachukua baada ya chai, Mwenyekiti ameniruhusu kubadilisha ratiba. Dakika zilizobaki ninazitaka kwa Wafilipi, sura zote nne, tuusikie jinsi walivyousikia wao. Zimeni simu, zifungeni Biblia pia, atakayesoma ni mmoja. Dada uliyekariri Yeremia kwa nguvu kuliko wote, njoo mbele. Usitaje namba za sura. Anza: "Paulo na Timotheo, watumwa wa Kristo Yesu."