Kitufe cha "Wasilisha" Kimegoma

ZUHURA: Tunarekodi? Haya, karibuni tena wapenzi. Leo Baraka kaja na karatasi.

BARAKA: Nimekuja na karatasi, ndiyo. Mambo matano ya kuangalia ukichagua kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox: bando, kasi, usalama, nywila, na umri wa simu yako. Leo tunakwenda kimoja kimoja, hatutoki nje ya mstari.

ZUHURA: Kabla hujaanza, ngoja niseme kilichonikuta Jumanne. Si mnamjua Mwanaidi wangu, mtoto wa dada, yule wa Tandika? Anaomba kazi, na ilikuwa siku ya mwisho ya maombi. Tumekaa kwenye kompyuta yangu toka magharibi, tumepandisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, picha, barua. Nabonyeza "Wasilisha". Kiduara kinazunguka, kinasimama, kitufe kinarudi kijani vilevile. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna chochote.

BARAKA: Kwenye Firefox.

ZUHURA: Kwenye Firefox. Nikashusha ukurasa mpaka chini kabisa, nakuta maandishi ya kijivu, madogo, kwamba mfumo ufunguliwe kwa Chrome. Mtu keshajaza fomu nzima ndipo anaambiwa! Taasisi siitaji. Mtoto wa watu mikono inatetemeka, saa zinakwenda.

BARAKA: Mkafungua Chrome.

ZUHURA: Tukafungua, tukaanza upya kila kitu, ikapita.

BARAKA: Sasa dada yangu, hapo karatasi yangu yote umeimaliza. Kimoja kimefanya kazi, kingine kimegoma.

ZUHURA: Firefox haikugoma, Baraka. Aliyetengeneza ile fomu aliijaribu kwenye Chrome peke yake, akazima kompyuta akaenda zake. Na mchezo huu ulishachezwa. Kivinjari cha Netscape kilitoka 1994, kikatamba. Microsoft wakaja na Internet Explorer mwaka uliofuata, kisha wakaiweka ndani ya Windows, ukinunua kompyuta unaikuta humo. Wakashinda. Baada ya kushinda unajua walifanya nini? Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Miaka mitano wamelala, na tovuti za dunia nzima zinaandikwa kwa ajili yao tu. Benki, serikali, vyuo, wote.

BARAKA: Na Firefox ikatoka 2004 ikawaamsha. Hilo nakupa, ni historia.

ZUHURA: Ikawaamsha kwa sababu kuna watu walikubali kuitumia. Leo angalia: Opera waliacha injini yao, ile sehemu ya ndani inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona, 2013 wakahamia ya Google, wenye Chrome. Microsoft wenyewe, na fedha zote zile, Edge ya 2020 ni injini ya Google. Brave hiyohiyo, Vivaldi hiyohiyo, kile cha Samsung hichohicho. Ni daladala za Mbagala na za Gongo la Mboto: mstari wa rangi tofauti, ukifungua boneti ni Coaster ileile. Waliobaki na injini yao wenye uzito ni Apple na Mozilla, wenye Firefox.

BARAKA: Na Mozilla wanakula wapi? Sehemu kubwa ya mapato yao inatoka Google, wanalipwa ili utafutaji wa Google ndio uwe wa kwanza ukifungua Firefox. Unamkimbia mtu unakwenda kulala kwa mtu anayelishwa naye.

ZUHURA: Najua, na inaniuma. Lakini injini ni yao. Wewe jaribu wiki moja tu.

BARAKA: Siwezi kuhama, nina vitu vyangu mle.

ZUHURA: Vitu gani?

BARAKA: Kurasa. Nimezifungua, nazihitaji.

ZUHURA: Lete simu. Lete! Jamani... wasikilizaji, kile kiboksi cha juu kinachohesabu kurasa ulizofungua, kwa Baraka hakina namba. Kina uso unacheka! Nukta mbili na D!

BARAKA: Ndivyo Chrome ya Android inavyofanya ukipita 99.

ZUHURA: Naifungua. "Ramani ya nyumba vyumba vitatu." "Ramani ya nyumba vyumba vitatu kimoja masta." "Bei ya bati geji 28." "Bei ya viwanja Chanika." Baraka, kiwanja kimepatikana?

BARAKA: Kitapatikana. Ramani haisubiri kiwanja.

ZUHURA: "Kutoa kutu kwenye tenki la maji." "Nauli ya treni Dar Dodoma." "Nauli ya treni Dar Dodoma." Ni ileile, mara mbili! "Ufadhili wa masomo, mwisho wa maombi Machi." Machi ya lini hii?

BARAKA: Huo nauweka nijue wanavyouliza maswali. Mwaka ujao wakifungua nimeshajiandaa. Usicheke, hii ndiyo kumbukumbu yangu. Nikifunga ukurasa, lile jambo limekwenda.

ZUHURA: Sicheki. Lakini sikiliza, na msikilizaji mwenye uso wa kucheka na yeye asikilize. Ule ukurasa haumo kwenye simu yako. Simu ikibanwa na kazi nyingine inautupa, inabakiza anwani na kapicha kadogo. Ukiugusa, inaupakua upya. Bando lako linakwenda pale. Na kama wenyewe wameufuta kule, umebaki na kapicha.

BARAKA: Mimi nilidhani vimelala tu mle ndani.

ZUHURA: Ndiyo maana wameweka alamisho, ile nyota. Na kama unataka ukurasa wenyewe ubaki hata bando likiisha, bonyeza vile vidoti vitatu, kuna kimshale cha kupakua. Hizo ramani zako zipakue zote, ukifika kwa fundi unamwonyesha hata kama mtandao haukamati.

BARAKA: Hilo nitalifanya. Hasa ile ya masta.

ZUHURA: Ile ya masta ina choo kinatazamana na jiko.

BARAKA: Hakitazamani! Kuna korido.

ZUHURA: Korido gani, nipe simu... hii hapa. Mlango wa choo, mlango wa jiko. Mgeni wako anatoka chooni anaonana na ugali.

BARAKA: Fundi atauhamisha ule mlango. Zuhura, turudi kwenye vivinjari, watu wametufuata kwa hilo.

ZUHURA: Turudi. Umesema bando ni namba moja kwenye karatasi. Chrome ya simu walikuwa na ile hali ya kubana data, wakaiondoa 2022. Firefox ya Android inakubali programu za nyongeza, unaweka uBlock Origin, matangazo hayapakuliwi kabisa. Chrome ya Android haikubali nyongeza hizo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo.

BARAKA: Opera Mini je? Ile ilitulea. Ukurasa unapita kwanza kwenye seva zao, unabanwa, unakuja mwepesi. Tulisoma matokeo ya mitihani kwenye Nokia ya batani kwa ajili yake.

ZUHURA: Tulisoma. Ila kumbuka ukurasa wako unapita kwa mtu wa kati. Habari za mpira sawa. Fomu yenye namba yako ya NIDA, mimi hapana.

BARAKA: Sasa mimi nakuuliza, na unijibu kama Mwanaidi amekaa hapa. Usiku ule, saa zile, ungemwambia asubiri mpaka taasisi irekebishe?

ZUHURA: Nisingemwambia.

BARAKA: Basi. Mtu wa Mbagala kalipia steshenari, foleni iko nyuma yake, mfumo unafungwa usiku. Huyo mpe Chrome, amalize, aende. Kumbebesha vita ya injini za Marekani ni kumwonea. Wa kudaiwa ni taasisi. Iandikiwe barua, ijaribu fomu yake kwenye vivinjari vyote.

ZUHURA: Taasisi inatazama takwimu za wanaoingia. Ikiona wote ni Chrome, barua yako inasomwa na nani? Mimi natumia Firefox kila siku nisiyo na haraka ili kwenye zile takwimu niwepo.

BARAKA: Wewe mmoja.

ZUHURA: Mimi mmoja, na wewe ungekuwa wa pili.

BARAKA: Siwi wa pili. Kosa la mtengenezaji silibebi mimi kwa bando langu.

ZUHURA: Na unalibeba, hulioni tu. Siku Chrome ikiamua jambo usilolitaka, utakwenda wapi? Nyongeza ya uBlock Origin wameshaifungia kwenye Chrome ya kompyuta. Waliokuwa wanaitumia hawakuulizwa.

BARAKA: Siku hiyo nitahama.

ZUHURA: Siku hiyo cha kuhamia hakipo.

BARAKA: Kitakuwepo. Hata Internet Explorer ilipatiwa dawa.

ZUHURA: Ilipatiwa na watu waliohama mapema!

BARAKA: Hatutaelewana hapa, dada.

ZUHURA: Hatutaelewana, na mimi sibadilishi.

BARAKA: Na huyu mwenye chumba keshatupungia mkono, wenzetu wa saa kumi na moja wamefika. Karatasi yangu ina kasi, usalama, nywila, umri wa simu. Hatujagusa hata kimoja.

ZUHURA: Moja la haraka: ukitaka kubadilisha kivinjari kinachofungua viungo kwenye Android, nenda Mipangilio, Programu, Programu Chaguomsingi, utakiona. Kwenye kompyuta, Firefox inachukua alamisho zako kutoka Chrome yenyewe, huandiki upya.

BARAKA: Na wenye iPhone? Kuna mtu aliuliza wiki iliyopita, nilimwahidi.

ZUHURA: iPhone, kama hauko Umoja wa Ulaya wala Japani, hata ukiweka Chrome au Firefox, ndani ni injini ya Apple. Kwa hiyo ukichagua kule, unachagua... Baraka, wanafungua mlango. Naam, tunatoka, tunatoka. Nyaya hizo ni zetu, msizichomoe.