Lalamiko Halipigiwi Kura

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wetu tuliomo humu tumenunua nyumba hapa California, na tuliponunua nyumba tukapewa na uanachama. Chama cha wenye nyumba huulizwi kama unakitaka; umesaini hati, umeshaingia, na ada ya kila mwezi inakusubiri. Kilichobaki ni kujua kukaa kikaoni, na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa chenga.

Sheria inayoviongoza vyama hivi, Davis-Stirling, inataka mkutano wa wanachama uendeshwe kwa utaratibu wa kibunge unaotambulika, au ule ambao chama chenyewe kimeupitisha. Vyama vingi vimechukua kanuni za Henry Martyn Robert. Bwana huyu alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, mjini New Bedford, alikalishwa kiti cha mwenyekiti kwenye mkutano kanisani, mkutano ukamshinda. Mwaka 1876 akatoa kitabu cha kanuni, na hadi leo ndicho kinachoshikwa.

Sasa tazameni. Mama anasimama, anaeleza gata la paa limeziba, maji yanashuka ukutani, rangi inabanduka, na ameshaandika barua mara kadhaa. Watu wanatikisa vichwa. Mwenyekiti anasema, "Asante, tumekusikia." Kumbukumbu za mkutano zinakuja, gata halimo! Mama anaona kaonewa, lakini katibu hajakosea: kwa kanuni za Robert, kumbukumbu huandika kilichofanyika, si kilichosemwa.

Angesema hivi: "Mwenyekiti, natoa hoja kwamba mkutano huu uitake bodi ilete makadirio ya kutengeneza magata kabla ya kikao kijacho." Kisha jirani mmoja aseme, "Naunga mkono." Basi. Mwenyekiti sasa inambidi aisome hoja, afungue mjadala, aitishe kura. Hata ikianguka, itaandikwa, pamoja na jina la aliyeitoa. Kweli, katika mambo mengi uamuzi wa mwisho ni wa bodi, na hoja yenu itabaki kuwa pendekezo. Lakini pendekezo lililopita kwa kura ni gumu kulikalia.

Ila angalieni mko kikao gani. Kwenye kikao cha bodi, hoja ni za wajumbe wa bodi tu. Wewe una haki ya kusema ndani ya muda waliouweka, na kwa kawaida bodi hairuhusiwi kuamua jambo lisilo kwenye ajenda, ambayo hutangazwa walau siku 4 kabla. Kwa hiyo mtafute mjumbe mmoja mapema, mpe hoja yako ikiwa imeandikwa.

Halafu kuna yule wa nyuma anayepaza sauti, "Tupige kura!" na mwenyekiti anafunga mjadala hapo hapo. Hapana. Kufunga mjadala nako ni hoja, inaungwa mkono, na inahitaji theluthi mbili ya kura. Inuka useme, "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu." Wanaofuatilia Bunge la Dodoma wanayajua maneno hayo. Huhitaji kusubiri upewe nafasi. Lakini msiyazoee: anayeinuka kila dakika huchosha watu, na siku ana jambo la maana hasikilizwi.

Na kura ikipigwa kwa sauti, mwenyekiti akasema "walioafiki wameshinda" ilhali masikio yako yamesikia vingine, mwanachama mmoja tu anatosha kudai watu wasimame waonekane. Uchaguzi wa bodi ni suala lingine. Huo sheria inataka kura ya siri.

Mwisho, Robert yuko chini kabisa. Juu yake kuna katiba na kanuni za chama chenu, na juu ya hizo kuna sheria ya jimbo. Mliokuja na makaratasi yenu, fungueni pale palipoandikwa akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa mkutanoni, maana isipotimia, hoja zote hizi hazipigiwi kura. Tuanzie maswali hapo.