Simu Imetoka Dubai, Laini Itaingia Wapi?

HAJI: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Leo tunazungumza simu, na simu yenyewe ipo mezani. Ilikuwepo, maana Mwanaidi keshaichukua.

MWANAIDI: Waalaykum salaam. Naizungusha tu. Ubavu huu vitufe vya sauti, ubavu huu cha kuwashia na cha kamera, chini tundu la chaja. Yakhe, laini inaingia wapi?

HAJI: Haiingii. Hiyo ni iPhone 17 Pro Max iliyonunuliwa Dubai, na ya Dubai safari hii haina tundu la laini kabisa. Inatumia eSIM tu, laini isiyo na kadi, unaishusha ndani ya simu kwa intaneti.

MWANAIDI: Si zile za Marekani ndizo zisizo na tundu?

HAJI: Za Marekani zilianza mapema, tangu iPhone 14, mwaka 2022. Tukazijua, mtu akikuletea ya Marekani unauliza kwanza. Ya Dubai ulikuwa unafumba macho unanunua. Sasa Septemba 2025, Apple walipotoa hizi 17, orodha imerefuka: Imarati, Omani, Saudia, Qatar, Kuwait, Bahrain. Halafu Canada, Japani na Mexico. Na ile nyembamba, iPhone Air, hiyo haina tundu popote duniani.

MWANAIDI: Subhanallah. Dubai na Maskati! Umezitaja njia zote ambazo simu zinapita mpaka zikafika Darajani, sokoni kwetu Unguja.

HAJI: Ndiyo nikasema tuifanyie kipindi. Mitandaoni watu wanagombana juu ya rangi yake mpya ya chungwa, sisi huku suala letu ni kaka yako wa Maskati anayekuletea zawadi.

MWANAIDI: Rangi yenyewe mie naipenda, tusiidharau. Lakini niambie, wameliziba kwa nini?

HAJI: Nafasi. Pale pa kadi wamejaza betri. Pro Max yenye tundu ina betri ya mAh 4,823, isiyo na tundu ina 5,088. Kwa hesabu za Apple wenyewe, yenye tundu inacheza video saa 37, isiyo na tundu saa 39.

MWANAIDI: Saa mbili.

HAJI: Saa mbili za video, ndiyo.

MWANAIDI: Yaani nimetolewa laini yangu mkononi, nikalipwa saa mbili. Na bei je, imeshuka?

HAJI: Ishuke wapi! Marekani inaanzia dola 1,199 kabla ya kodi, hapo unaikaribia milioni tatu za shilingi zetu. Na ndani ya boksi chaja hamna, waya tu.

MWANAIDI: Haya, betri. Wewe umekaa nayo. Usinisomee makaratasi.

HAJI: Betri ni nzuri, sitaki kusema uongo. Natoka nyumbani Kiembesamaki baada ya alfajiri, nashughulika nayo kutwa, ramani, WhatsApp, simu za watu, na usiku nikirudi bado ina chaji ya kuangalia mpira. Lakini mwanzo haikuwa hivyo. Siku za mwanzo ilikuwa inakwisha mchana, na inapata moto mfukoni.

MWANAIDI: Na msikilizaji mmoja wa Chake Chake, Pemba, katuletea sauti analalamika hivyo hivyo. Anasema katapeliwa, kauziwa betri iliyochoka.

HAJI: Hajatapeliwa, asubiri. Simu mpya ukishaihamishia mambo yako yote, inaanza kazi ya chini kwa chini. Inazipanga picha, inatambua nyuso, inapakua programu upya, inajitengenezea faharasa ili ukitafuta kitu ikipate. Hiyo yote inakula chaji. Ndiyo maana mie hukumu za betri za wiki ya mwanzo siziamini, za kusifu wala za kulaumu.

MWANAIDI: Na mtandao nao unakula. Kaipande boti ya Pemba na simu imejaa chaji. Mkiwa katikati ya bahari inahangaika kutafuta mnara, mkifika Mkoani imebaki nusu, na wala hukuishika.

HAJI: Hapo iwe ya milioni tatu au ya laki mbili, zote sawa. Weka alama ya ndege ulale. Lakini kilichonifurahisha mie hasa si kudumu kwa chaji, ni kuingia. Ukiwa na kichwa cha chaja cha wati 40 au zaidi, dakika 20 inafika nusu. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika, na Tukuza, umeme wa kulipia kabla, inayokwisha usiku wa manane, hilo ni kubwa kuliko hizo saa 39. Umeme ukirudi kidogo tu, umepona.

MWANAIDI: Na kichwa cha Dubai kinaingia ukutani kwetu, pini tatu zile zile. Angalau hapo hawajatubadilishia.

HAJI: Bado.

MWANAIDI: Sasa turudi kwenye laini, maana hapo sijaridhika. Mama yangu yupo Wete. Ana simu kubwa tuliyomnunulia, na ana kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe. Simu kubwa ikizima chaji, anachomoa laini, anaitia kwenye kitochi, maisha yanaendelea. Kitochi hicho ukikitia chaji leo, utakuja kukikumbuka wiki ijayo. Mtu kama yule ukimpa hii atafanyaje?

HAJI: Hawezi kufanya hivyo. eSIM imo ndani ya simu, haichomoki, na kitochi hakiipokei. Simu ikizima, namba yako imezima. Mpaka uitie chaji.

MWANAIDI: Na simu ikianguka kioo kikafa?

HAJI: Kama kioo bado kinakuitikia, nyingine uliyonayo ni iPhone inayokubali eSIM, na mtandao wako unaruhusu, unaweza kuihamisha. Ikiwa imekufa moja kwa moja, unakwenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho, unaweka kidole, unatolewa eSIM upya kama unavyorudisha laini iliyopotea.

MWANAIDI: Mtu wa Micheweni apande gari mpaka Chake kwa kioo kuvunjika. Zamani angeazima simu ya jirani, akatia laini, akamaliza shida zake. Maana laini huku si simu tu, Haji. Pesa zimo humo. Laini ikiwa haifanyi kazi, hata nauli ya kwendea huko dukani imekwama ndani.

HAJI: Hilo ndilo nililokuwa nataka ulifikie. Wale waliozoea kulipa kwa kadi ya benki, laini kwao ni ya kupigia tu. Hata hiyo Apple Pay inayosifiwa, Tanzania haipo. Huku namba ndiyo pochi. Mtu ana 0777 yake tangu enzi za Zantel, leo mtandao unaitwa Yas, namba ni ile ile, na kila anayemdai na kila anayedaiwa naye anaijua.

MWANAIDI: Nasikia unaitetea na kuisema papo hapo.

HAJI: Na uzuri wake nauona. Mwizi akikuchapa simu yenye kadi, cha kwanza anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, na ujumbe wa kubadilisha namba ya siri unamfikia yeye. Watu wamemalizwa pesa hivyo. Kwa eSIM hana cha kuchomoa. Akiizima, kaizima, lakini laini hajaipata.

MWANAIDI: Hapo sawa, nakubali. Kwa mtu wa mjini anayerandaranda Darajani jioni, hiyo ni faida. Kwa mama yangu Wete, ambaye mwizi wake mkubwa ni mbuzi wa jirani, bado naona kaonewa.

HAJI: (anacheka) Mbuzi hali simu.

MWANAIDI: Humjui yule. Kingine, watu wa hoteli za Nungwi na Paje wananiambia eSIM wanazijua zamani, wageni wanashuka nazo kwenye ndege. Sasa kijana mmoja kaniuliza: kwani na mie siwezi kununua ile ya mgeni mtandaoni, nikaepuka foleni?

HAJI: Nyingi za zile ni za bando tu. Hazina namba. Utaingia intaneti, lakini hupigiwi, hutumiwi pesa, na menyu ya pesa huipati. Hiyo ya mkaazi lazima isajiliwe kwa alama za vidole kama laini yoyote. Mitandao mikubwa ya hapa inatoa eSIM, lakini usiende kibanda cha vocha. Nenda duka lao wenyewe.

MWANAIDI: Na uende na intaneti ya mtu. Simu mpya haina laini, utashushaje hiyo eSIM? Kuna dada alikaa nje ya duka anaulizia WiFi kwa wapita njia.

HAJI: Kweli, unahitaji WiFi au simu ya mwenzio ikumegee bando. Unaielekeza kamera kwenye ule mraba wa alama, QR, unaopewa dukani, eSIM inashuka, basi. Ule mraba mara nyingi unafanya kazi mara moja tu, kwa hiyo asije fundi akakujaribia kwenye simu yake. Na siku ukitaka kuifuta simu iwe mpya, itakuuliza: eSIM ibaki au ifutwe? Jibu ibaki. Ukibonyeza ifutwe kwa haraka, safari ya dukani inaanza upya.

MWANAIDI: Laini mbili je? Mie nina ya kuzungumzia hapa na ya bando, siwezi kuacha moja.

HAJI: Zinakaa. Ndani unaweza kuhifadhi nane au zaidi, zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili.

MWANAIDI: Haya, mambo mengine tuyapitie. Kamera?

HAJI: Tatu za nyuma, zote megapikseli 48. Nzuri, kama za 16 Pro zilivyokuwa nzuri. Iliyobadilika zaidi ni ya mbele. Unaishika simu wima, picha inatoka ya mlalo, mnaenea nyote bila mtu kunyoosha mkono mpaka bega liume.

MWANAIDI: Ya kupigia picha harusini, ikiwa bibi harusi karuhusu. Harusi zetu za wanawake simu zinawekwa kapuni mlangoni, hata iwe na kamera kumi.

HAJI: Mwili wa Pro safari hii ni alumini, titani wameiacha. Ndani kuna kibati chembamba chenye maji yaliyofungiwa, kinachukua moto wa prosesa na kuusambaza kwenye alumini. Nikicheza gemu naona tofauti. Lakini kingo za kamera zinachunika. Funguo na simu mfuko mmoja, utalia.

MWANAIDI: Kwa hiyo unanunua rangi ya chungwa, unaitia kava jeusi. Na maji?

HAJI: Wanasema mita 6 kwa dakika 30. Hayo ni majaribio ya maji safi. Bahari ina chumvi, usijaribu Forodhani kwa sababu vijana wanaruka.

MWANAIDI: Nilisikia ina kuomba msaada kwa satelaiti. Nikawaza wavuvi wetu wa Kojani.

HAJI: Ingekuwa neema. Lakini huduma ile inakwenda kwa nchi, na Tanzania haimo. Mvuvi wa Kojani asiibebe akaitegemea.

MWANAIDI: Basi watu wa Kojani waendelee na redio zao. Tumalizie swali la mwisho, ni sauti ya kaka mmoja wa Mkoani. Binamu yake anarudi kutoka Maskati mwisho wa mwezi, kamwambia achague: 17 Pro Max, au pesa taslimu.

HAJI: Achukue pesa.

MWANAIDI: (anacheka) Mjibu vizuri.

HAJI: Nimemjibu. Ya Maskati haina tundu. Kama anaishi mjini, duka la mtandao wake lipo karibu, na ana simu ya pili ya akiba yenye laini ya kadi, aichukue kwa furaha, betri ataipenda. Kama namba yake ni moja, na ndiyo hiyo hiyo ya biashara, asiiweke mahali asipoweza kuichomoa. Ana jamaa Uingereza? Ya kule ina tundu moja la kadi na eSIM pia, betri ndogo kidogo, saa 37 zile. Ya China bara inaingia kadi mbili, lakini eSIM hamna.

MWANAIDI: Na mie namwambia hivi: kabla binamu hajalipa, aulize dukani, ampigie picha ubavu wa simu wenyewe, sio boksi. Akiona mstari wa tundu na kishimo cha kutolea kadi, sawa. Asipouona, ajue. Wauzaji wengine wanasema "inaingia laini yoyote" huku wakijua hakuna pa kuingilia.

HAJI: Na kichwa cha chaja anunue huko huko, cha wati 40, asije akatumia cha kale cha wati 5 kisha akatuletea sauti kwamba simu haiingii chaji.

MWANAIDI: Wiki ijayo tutakaa na fundi wa Mlandege, tumuulize betri za kubadilisha anazitoa wapi. Mwenye swali atume sauti, fupi tafadhali, sio ile ya dakika tisa ya juzi.