Kwa nini write haimalizi kuandika kwenye terminali

Karibu. Leo tunaitupia terminali ya Linux baiti milioni moja kwa mkupuo kupitia write, yaani ombi la programu la kuandika data, halafu tunaona imemeza ngapi.

Fungua faili jipya, liite jaribu.py, uandike mistari hii. Simamisha video ukihitaji muda.

import os, select
os.set_blocking(1, False)
n = os.write(1, b"a" * 1000000)
os.set_blocking(1, True)
open("jibu.txt", "w").write(str(n))

Mstari wa pili unaiambia keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux: bafa (hifadhi ya muda ya data) ikijaa, usinisubirishe. Wa nne usiuruke hata kidogo, maana hali hiyo inaweza kubaki kwenye terminali baada ya programu kufungwa, na programu nyingine zikaanza kugoma bila sababu ya kuonekana. Jibu tunaliweka kwenye faili kwa makusudi. Likichapwa kwenye skrini litazama katikati ya hizo a.

Endesha python3 jaribu.py. Skrini imejaa a, sawa. Sasa cat jibu.txt. Karibu kila mara namba ni ndogo kuliko milioni, na ukirudia hubadilika, kwa kuwa inategemea kasi ya dirisha lako kusoma.

Kwa ndani, keneli huikata data vipande vya baiti 2048 na kuvipeleka kimoja kimoja. Wengi wakisikia 2048 wanakimbilia kukata data yao wenyewe. Kazi bure! Keneli inakata yenyewe, na ukifuatilia kwa strace, zana inayoonyesha maombi ya programu kwa keneli, utaona write moja tu. Kinachokuhusu wewe ni namba inayorudi. (Kile kikomo cha 4096 unachokisikia ni cha mstari unaouchapa kwenye kibodi, hakihusiki hapa.)

Turekebishe. Futa mstari wa tatu na wa mwisho. Palipokuwa na wa tatu, weka:

data = b"a" * 10000000
while data:
    try:
        data = data[os.write(1, data):]
    except BlockingIOError:
        select.select([], [1], [])

Kilichokwisha kuandikwa kinakatwa mbele, kilichobaki kinarudi kwenye foleni. Bafa ikijaa, select inangoja bila kuchosha prosesa.

Endesha tena, na a zikiwa bado zinamiminika bonyeza Ctrl+S. Zimesimama, programu inangoja. Bonyeza Ctrl+Q, zinaendelea pale pale zilipoishia.