Jaza Pipa Kwanza, Ndipo Ufue

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Wale mlionisikia Likoni na Kisauni leo mtayasikia yale yale, kwa hivyo mwaweza kuendelea na kahawa yenu. Nimekuja kuzungumza juu ya maji.

Naam, maji. Mwaliko wasema "mipango ya kustaafu", nimeusoma. Lakini mtu wa Mombasa hahitaji mtu wa suti aje kumfunza kupanga. Maji yetu yatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, yatoka Baricho kwenye mto Sabaki, na tangu tuzaliwe twajua kwamba bomba halina ahadi. Leo lamwaga, kesho lakohoa hewa.

Mamangu alikuwa akilala na sikio moja macho. Tulikaa Majengo, nyumba ya vyumba sita, wapangaji sita, bomba moja uani. Saa nane za usiku bomba likianza kuguna, yeye ashatoka, leso kiunoni. Na sharti lilikuwa moja: hakuna kufua, hakuna kuoga, mpaka pipa lijae. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa kinyume chake. Maji yakija ni furaha, aanze na mapazia, aoshe na baraza. Siku ya nne yuko mlangoni kwetu na kibakuli.

Pamoja na pipa palikuwa na ufito wa kupimia, una mkato wa kisu karibu na ncha. Mama hutumbukiza ufito, autoe, atazame. Maji yakishuka hadi kwenye mkato, pipa lafunikwa. Yaliyobaki ni ya kunywa na kupikia, na hakuna wa kuyagusa mpaka bomba lirudi.

Mimi nilikuwa na jezi. Mechi Ijumaa, jezi yanuka, na maji yako kwenye mkato. Nikafikiri, nikaona busara. Nikachukua kisu, nikakata mkato mpya vidole viwili chini ya ule wa zamani, wa zamani nikaupaka udongo. Kisha nikateka, nikafua, nikaanika. Jioni mama akautoa ufito, akautazama, akanitazama. Mkato wake ulikuwa mweusi kwa miaka ya mikono na maji. Wangu ulikuwa mweupe pe, kama jino la mtoto.

Hakunipiga. Alinituma kwa mwenye mkokoteni, na pesa zangu za Idi, ninunue mitungi miwili ya maji. Na mwenye mkokoteni hauzi kwa bei ya siku ya mvua. Auza kwa bei ya siku ambayo mtaa mzima umekauka.

Mwacheka. Juzi kanijia bwana mzima, ana shahada ukutani, ananiambia: "Mzee, nilipanga laki moja ya dharura isiguswe, lakini nikikaa nikifikiri naona hata elfu arobaini yatosha." Nikamwuliza, huo mkato mweupe umeukata lini? Umekata baada ya kuona simu mpya, ama kabla? Hakunijibu. Na ile mikopo ya simu mnayoibofya tarehe ishirini na mbili, huyo ni nani kama si mwenye mkokoteni?

Basi kazi yangu yote ni hiyo. Pesa ikiingia, ya uzeeni itoke siku hiyo hiyo, kabla ya kodi, kabla ya mchango wa harusi. "Nitaweka kitakachobaki." Kitakachobaki wapi? Maji ya mwenye kuosha baraza yalibaki lini?

Mtaniambia kipato ni kidogo. Haya, elfu moja kwa mwezi. Tuseme yapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka na hukuigusa. Mwenye kuanza na miaka 30, akifika 60 ana milioni moja na laki nne na tisini hivi. Mwenye kuanza na 40 ana laki tano na themanini na tisa. Mwenye kuanza na 50 ana laki moja na themanini na tatu. Elfu ni ile ile! Yule wa kwanza kaweka mara tatu ya yule wa mwisho, kapata mara nane. Nawaona vijana kule nyuma mko kwenye simu. Hii ni yenu. Sisi wa mbele ishatupita.

Na msinitolee "akiba haiozi". Yaoza! Waliokuwa na noti za zamani za elfu moja chini ya godoro wanaikumbuka Oktoba 1, 2019. Waliochelewa kuzibadilisha walibaki na karatasi. Na hata noti ikiwa halali, bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka kumi na miwili hivi elfu yako yanunua cha mia tano. Pipa likitoboka, kulijaza ni kazi bure.

Kiinua mgongo sasa. Mtu apewa milioni moja na laki mbili, ajiona tajiri, watoto wa shangazi wafufuka. Gawanya. Ukistaafu na miaka 60 na Mungu akakupa 80, hiyo ni miezi 240. Milioni moja na laki mbili kwa miezi 240 ni elfu tano kwa mwezi. Haya, nunua gari. Mimi mwenyewe, kampuni niliyokuwa karani ilipofungwa, changu nilikitia kwenye tuktuk mbili. Sina haja ya kuendelea. Moja sasa ni banda la kuku.

Makato ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mnayalalamikia sana, kwa hivyo nitayasema haraka. Kwa miaka na miaka mfanyakazi alikatwa mia mbili, mwajiri akaongeza mia mbili. Mia nne kwa mwezi, miaka thelathini, ni laki moja na arobaini na nne kabla ya faida. Mwataka mzee aishi kwa hiyo? Sheria ya 2013 ilikwama mahakamani mpaka Februari 2023, ndipo ikawa asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na 6 kutoka kwa mwajiri, kwa kiwango chenye kikomo. Yauma, najua. Lakini ile sita ya pili haitoki mfukoni mwako, mwajiri ndiye aitoa. Gomba na yule anayekukata na hapeleki. Uliza taarifa ya akaunti yako kila mwaka.

Wenye kusema "watoto ndio pensheni yangu", mimi nina wanne na nawapenda. Wana kodi zao. Wenye kuuliza riba, ni swali zuri, benki za Kiislamu ziko hapa tangu 2008, nendeni mkaulize. Na kumbukeni zaka: pesa iliyolala mwaka na imefika nisabu, yaani kile kiwango cha kuwajibika zaka, yatolewa asilimia mbili na nusu, kwa hivyo nayo isilale bure. Elfu mbili za serikali kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ni baraka, lakini pigeni hesabu ya unga.

Nilitaka nizungumzie mashamba na wale mawakala wake, lakini mwenyekiti ashanyanyua saa mara mbili na magharibi iko karibu. Itakuwa siku nyingine.

Naona mkono. Ndiyo, mama. Ati pipa liko wapi? Lipo kwangu. Limetoboka chini, mke wangu kapanda asumini ndani. Ufito niliuweka mimi. Mikato yote miwili sasa ni myeusi, hutajua upi ni upi mpaka nikuonyeshe.